Afya Nyumbani: Mwenye Moyo Mzima Anapozimia Akikimbia

Mama mmoja msomaji wetu ameniandikia barua ya kurasa tatu kuhusu binti yake mwenye umri wa miaka 12. Binti huyu ni mzima, anakula vizuri, anaimba katika kwaya ya watoto, na shuleni hafanyi vibaya. Lakini kwa muda wa mwaka mmoja ameanguka na kupoteza fahamu mara tatu. Mara ya kwanza ilikuwa kwenye mchakamchaka wa asubuhi. Mara ya pili ilikuwa katika mchezo wa netiboli. Mara ya tatu alikuwa nyumbani, akikimbia kuanua nguo kabla ya mvua kunyesha. Kila mara alizinduka baada ya dakika moja au mbili, akauliza kumetokea nini, na baada ya nusu saa alikuwa anacheza na wenzake kama kawaida.

Mwalimu wa michezo alisema ni njaa. Jirani alisema ni kifafa. Shangazi alisema ni mapepo, akaleta watu wa kumwombea. Hospitalini walimpima umeme wa moyo akiwa amelala kitandani, wakasema moyo hauna kasoro yoyote. "Sasa dada," anauliza mama huyu, "kama moyo ni mzima, mwanangu anaangushwa na nini?"

Mama huyo nimekwisha kumjibu kwa barua, maana jambo lake halikuweza kusubiri gazeti litoke. Lakini swali lake ni zuri mno kuliacha likae kati yetu wawili tu. Wengi wetu tunaamini kwamba kuzimia ni jambo dogo, mtu anamwagiwa maji, anakunywa soda, mambo yanakwisha. Mara nyingi ni kweli. Mara chache si kweli, na hizo mara chache zina alama zake ambazo mama yeyote anaweza kuzitambua hata kama hakusomea uuguzi.

KUZIMIA NI NINI

Ubongo wa mtu una uzito wa asilimia 2 hivi tu ya mwili wake, lakini unatumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote. Hauna ghala la akiba. Damu ikikatika kuufikia kwa sekunde kama 8 hivi, mtu hupoteza fahamu na kuanguka. Akisha kulala chini, damu hufika kichwani kwa urahisi zaidi, naye huzinduka. Ndiyo maana si vizuri kumwinua aliyezimia na kumkalisha kwenye kiti, kama tunavyoona watu wakifanya makanisani na kwenye misiba. Kwa kumwinua unamnyima ile damu aliyokwisha kuipata kwa kuanguka.

Basi kila aliyezimia, swali la kwanza ni hili: kwa nini damu haikufika kichwani? Huenda mishipa ililegea, damu ikashuka miguuni. Huenda maji yalipungua mwilini. Au huenda moyo wenyewe uliacha kusukuma kwa sekunde chache.

BAADA YA MBIO, AU KATIKATI YA MBIO?

Mtu mzima akiwa amepumzika, moyo wake husukuma kiasi cha lita 5 za damu kwa dakika moja. Akikimbia kwa nguvu, unaweza kusukuma lita 20 na zaidi. Sehemu kubwa ya damu hiyo huenda kwenye misuli ya miguu, ambako mishipa imefunguka wazi. Hairudi juu kwa nguvu za moyo peke yake. Kila hatua unayopiga, misuli ya ndama za miguu huibana mishipa na kuisukuma damu kwenda juu, kama mtu anayekamua nguo.

Sasa mtoto anafika mwisho wa mbio, anasimama ghafla kama mti. Misuli imeacha kukamua, lakini mishipa bado imefunguka. Damu inabaki chini, macho yanaingia giza, anaanguka. Kuzimia kwa namna hiyo, baada ya kumaliza mbio na kusimama, kwa kawaida si alama ya ugonjwa mbaya. Dawa yake ni kuendelea kutembea pole pole kwa dakika tano au zaidi baada ya mbio, na kunywa maji. Walimu wanaowapanga watoto mstarini wima mara tu baada ya mchakamchaka wangesaidia sana kama wangewaacha watembee kwanza.

Lakini mtoto anayeanguka wakati miguu bado inakimbia, mpira bado uko mikononi, ni habari nyingine kabisa. Wakati huo misuli inakamua vizuri na damu inarudi moyoni kwa wingi. Hakuna sababu ya kawaida ya ubongo kukosa damu. Kwa hiyo anayezimia katikati ya mazoezi ahesabiwe kuwa ana tatizo la moyo mpaka ipimwe na kuonekana kwamba hana, hata kama ni kijana, hata kama ni mnene wa afya, hata kama imetokea mara moja tu. Mama, kama utasahau yote niliyoandika mwezi huu, shika hili moja.

Zipo sababu nyingine ambazo nazitaja kwa haraka. Mtoto aliyetoka nyumbani bila kifungua kinywa anaweza kulegea. Mwenye upungufu wa damu hutweta na kuchoka upesi, na hapa nawakumbuka hasa mabinti wanaopata hedhi nyingi. Jua kali bila maji humwangusha hata bingwa. Waliotazama Michezo ya Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1984 wanamkumbuka Gabriela Andersen-Schiess wa Uswisi, aliyeingia uwanjani mwisho wa marathoni akiyumba kama mlevi kwa sababu ya joto. Alitumia karibu dakika sita kumaliza mzunguko wa mwisho, akaanguka mikononi mwa madaktari, na akapona. Sababu hizi zipo na ni nyingi. Ila zisitumiwe kama blanketi la kufunika kila kitu. Yule binti wa barua alikuwa amekula uji na kiporo asubuhi ile.

NYUMBA NZIMA, WAYA MBOVU

Turudi kwenye swali la mama yetu. Moyo unawezaje kuwa mzima na bado ukamwangusha mtu?

Fikiria nyumba iliyojengwa vizuri. Kuta ni imara, bati halivuji, mabomba yanatoa maji. Fundi ujenzi akija atasema nyumba haina kasoro. Lakini ndani ya ukuta kuna waya wa umeme wenye hitilafu. Ukiwasha taa moja tu, huoni shida. Siku utakayochomeka pasi na jiko la umeme kwa pamoja, ndipo waya unapochoma na nyumba yote kuingia giza. Moyo nao una kuta zake, milango yake, mabomba yake na umeme wake. Umeme huo ndio unaoamuru kila pigo. Kuna watu wenye kuta na milango mizuri kabisa, lakini umeme una hitilafu ya kuzaliwa nayo inayojitokeza tu pale mzigo unapozidi.

Hitilafu moja ni ile ambayo moyo, baada ya kila pigo, huchelewa kujiandaa kwa pigo linalofuata. Madaktari huisoma kwenye karatasi ya kipimo kama nafasi iliyorefuka, nao huiita QT ndefu. Inakadiriwa kwamba mtu mmoja kati ya 2,000 hivi anazaliwa nayo. Mwaka 1957 madaktari wawili wa Norwei, Anton Jervell na Fred Lange-Nielsen, waliandika habari za familia moja yenye watoto sita. Wanne kati yao walizaliwa viziwi, na hao wanne walikuwa wakizimia. Watatu walikufa ghafla, wakiwa na umri wa miaka 4, 5 na 9. Nawaandikia habari hii si kwa kuwatisha, bali kwa sababu katika nchi yetu kuna watoto viziwi wengi, na mtoto kiziwi anayezimia mara nyingi watu humwona kuwa ana mikosi miwili tu isiyohusiana. Anastahili kupimwa moyo mapema. Hata hivyo, wengi wenye QT ndefu wanasikia vizuri kama wewe na mimi.

QT ndefu ina namna zake. Wengine huanguka wakikimbia, na hasa wakiogelea. Wengine hushtuliwa na sauti ya ghafla kama ya saa ya kuamsha au simu. Wengine hupatwa usingizini. Wanawake wenye namna ile ya kushtuliwa na sauti wako katika hatari zaidi miezi ya kwanza baada ya kujifungua, wakati mama halali vizuri na kilio cha mtoto kinamwamsha usiku. Mzazi anayezimia usiku namna hiyo asiambiwe tu kwamba ni uchovu wa uzazi.

Hitilafu ya pili ina jina refu sana ambalo halitakusaidia jikoni, kwa hiyo nitaieleza kazi yake. Ndani ya chembechembe za moyo kuna madini ya kalsiamu, yanayofunguliwa na kufungwa kama maji ya bomba ili misuli ibane na kulegea. Kwa watu hawa bomba linavuja, lakini linavuja tu pale mwili unapomwaga homoni ya adrenalini, yaani wakati wa mbio, hofu, hasira au furaha kubwa. Moyo huanza kupiga ovyo na kwa kasi mno kiasi kwamba hausukumi damu. Kwa kawaida dalili huanza utotoni, kati ya miaka 7 na 12 hivi. Ni ugonjwa adimu, pengine mtu mmoja kati ya 10,000, lakini ni mkali. Wasiotibiwa wengi hufa wakiwa vijana.

Angalia sasa jinsi ugonjwa huu unavyodanganya. Mtoto akilala kitandani, katika chumba chenye utulivu, karatasi ya umeme wa moyo hutoka safi kabisa. Picha ya moyo nayo hutoka safi. Ni lazima apimwe huku akikimbia au akitembea kwenye mashine maalumu, daktari akiwa karibu na vifaa vyote vikiwa tayari, ndipo kasoro inapoonekana. Kwa hiyo mama akiambiwa "moyo hauna kasoro" baada ya kipimo cha kulala tu, na mtoto ameanguka akikimbia, aulize kwa upole lakini bila kuona haya: "Daktari, je, si lazima apimwe pia akiwa anafanya mazoezi?" Huo si ujeuri. Daktari mwema hufurahi kuulizwa.

Zipo nyingine, kama njia ya ziada ya umeme ambayo mtu huzaliwa nayo, na hii siku hizi huweza kuchomwa kwa kupitisha waya mwembamba kwenye mshipa. Pia mishipa inayolisha moyo huweza kuota mahali pasipofaa, ikabanwa mtu anapokimbia. Na lazima daktari ahakikishe kwanza kuwa hakuna ugonjwa wa kuta wala wa milango ya moyo. Marc-Vivien Foé wa Kameruni, aliyeanguka na kufa uwanjani huko Lyon tarehe 26 Juni 2003, alikutwa na misuli ya moyo iliyonenepa kupita kiasi. Hapa kwetu milango ya moyo huharibika kwa watoto wengi kutokana na maambukizo ya koo yasiyotibiwa.

KIFAFA, MAPEPO, AU DEKO?

Hapa ndipo roho yangu inapouma. Ubongo ukikosa damu, mtu anaweza kutupa mikono na miguu mara chache. Anaweza kugeuza macho na hata kujikojolea. Wanaotazama wanasema mara moja, kifafa. Anaandikiwa vidonge vya kifafa, anavimeza miaka na miaka, na bado anaanguka, maana ugonjwa hauko kichwani.

Miaka ya nyuma, nilipokuwa wodi ya wanaume, alilazwa kijana aliyekuwa ametibiwa kifafa kwa miaka mitano. Daktari mmoja mzee aliyekuja kututembelea hakuanza na faili. Alivuta kiti, akamuuliza, "Huanguka wakati gani?" Kijana akajibu, "Nikicheza mpira." "Na wakati mwingine?" "Siku ile nilipokimbizwa na mbwa." "Umewahi kuanguka ukiwa umekaa unakula?" "Hapana." Yule mzee akatugeukia akasema kifafa hakichagui mpira na mbwa. Alipopelekwa kupimwa moyo huku anatembea kwenye mashine, hitilafu ilionekana wazi.

Tofauti zipo, ingawa si za kuamulia peke yako nyumbani. Mwenye kifafa kwa kawaida hutetemeka kwa muda mrefu zaidi, mara nyingi huuma ulimi pembeni, na akizinduka huwa amechanganyikiwa na hulala usingizi mzito. Aliyezimia kwa moyo mara nyingi hupauka, huanguka kama gunia, hutetemeka kidogo au hata kidogo, na akizinduka hujitambua upesi. Lakini mtu anayemeza dawa za kifafa asiziache kwa sababu amesoma ukurasa huu. Kuziacha ghafla kunaweza kuleta degedege kubwa. Arudi kwa daktari na aeleze anaanguka wakati gani.

Kuhusu mapepo, mimi ni mtu wa kanisa na ninaamini katika maombi. Nimeombewa nikapona, na nimewaombea wengine. Sisemi msimwombee mtoto anayeanguka. Nasema msimwombee badala ya kumpeleka hospitali. Na kumshika kwa nguvu, kumpigia kelele na kumtisha mtoto mwenye hitilafu ile ya pili ni kummwagia adrenalini juu ya adrenalini. Viongozi wa vikundi vya maombezi nawaombeni hili kwa heshima. Mtoto aliyeanguka akikimbia muwekeeni mikono kwa utulivu, kisha mmoja wenu amsindikize mama yake kwa daktari na kumsaidia nauli.

Kuna na wale wanaoambiwa wanadeka. Binti anaona fimbo imeinuliwa, anashtuka, anaanguka. Darasa linacheka, mwalimu anasema anaigiza. Kumbe hofu ile ni sawa na mbio za mita mia kwa moyo wake. Mtoto anayezimia kwa kushtuka, kwa kugombezwa au kwa habari ya furaha, na pia huzimia akikimbia, haigizi.

MAMBO YA KUMWAMBIA DAKTARI

Kipimo kikubwa kuliko vyote ni maelezo yako. Daktari hakuwapo alipoanguka, wewe au mwalimu mlikuwapo. Andika kwenye daftari siku ile ile: alikuwa anafanya nini hasa, alikuwa bado anakimbia au amesimama, alilalamika kizunguzungu kwanza au alianguka bila onyo, alipauka, alijiumiza, alikaa muda gani, alizinduka vipi. Asiyepata onyo lolote, akaanguka na kupasuka uso, anatia wasiwasi zaidi kuliko aliyesema, "Mama, naona giza," akachuchumaa.

Kisha jambo ambalo sisi akina mama ndio tunaolijua kuliko wanaume, yaani habari za ukoo. Hitilafu hizi za umeme mara nyingi hurithiwa, na mzazi mwenye nayo ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kumpa kila mtoto, wa kike kwa wa kiume. Kaa na mama mkwe, kaa na shangazi, uliza bila kuhukumu. Je, kuna aliyekufa ghafla kabla ya miaka 40? Kuna aliyejua kuogelea vizuri lakini akazama kwenye maji matulivu? Kuna kichanga kilicholala kizima kikakutwa kimekufa? Kuna aliyeanguka jandoni, harusini, au aliposikia habari ya msiba? Katika koo nyingi vifo vya namna hiyo vilipewa majina ya uchawi, na watu wakagombana mpaka leo. Pengine ni ugonjwa mmoja uliopita katika ukoo bila kujulikana, na watoto waliobaki bado wanaweza kuokolewa kwa kupimwa.

Vipimo vyenyewe huanza na kipimo cha umeme wa moyo, ambacho wengi hukiita ECG, na hospitali nyingi za mikoa zinacho. Kisha picha ya moyo kwa mashine ya ultrasaundi. Kisha kile cha mazoezi, na pengine kifaa kidogo cha kuvaa saa 24 au zaidi. Kwa vipimo vikubwa mtapewa rufaa. Dar es Salaam iko Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, na hospitali za rufaa za kanda kama KCMC ya Moshi na Bugando ya Mwanza huona wagonjwa wa moyo pia. Pima damu vile vile. Mpaka majibu yatoke, mtoto asikimbie, asishindane, na asiogelee. Mwandikie mwalimu mkuu barua, usitume salamu kwa mdomo. Wa Ukerewe na Kigoma, na sisi wa pwani, tuwe wakali kabisa juu ya maji. Aliyezimia uwanjani huzinduka, aliyezimia majini hazinduki.

DAWA IPO

Habari njema ni kwamba wengi wa watu hawa hutibika vizuri kwa vidonge vinavyoutuliza moyo usiitikie adrenalini kupita kiasi. Kimojawapo ni propranolol, dawa ya zamani na isiyo ya gharama kubwa, ingawa kwa hitilafu fulani madaktari hupendelea ndugu zake, au huongeza dawa ya pili. Wenye pumu wamweleze daktari kabla, maana dawa hizi zinaweza kubana kifua. Wengine huhitaji upasuaji mdogo wa neva, na walio katika hatari kubwa huwekewa kifaa chini ya ngozi ya kifua kinachorudisha mapigo.

Kidonge kinafanya kazi kwa yule anayekimeza kila siku. Kusahau siku mbili tatu kunaweza kuwa hatari kuliko mtu anavyodhani, na hapa nawafikiria mabinti walioko bwenini. Mkabidhi matroni dawa, na binti awe na akiba yake. Mama mwenye hitilafu hii akishika mimba asiache dawa kwa hofu ya mtoto kabla ya kuongea na daktari wake.

Mwenye QT ndefu ana jambo la zaidi. Kuna dawa za kawaida zinazoweza kuirefusha zaidi, kama erythromycin, kwinini na baadhi ya dawa nyingine za malaria, na baadhi ya dawa za magonjwa ya akili. Kila aendako, hata duka la dawa, aseme kwanza ana ugonjwa gani. Haina maana malaria isitibiwe, maana malaria nayo huua. Maana yake ni kwamba daktari achague dawa akijua.

Je, maisha ya michezo yamekwisha? Si lazima. Dana Vollmer wa Marekani aligunduliwa kuwa na QT ndefu akiwa na umri wa miaka 15. Mama yake alikuwa akibeba kifaa cha kushtua moyo kila walipokwenda kwenye bwawa, mazoezini na mashindanoni, akakaa nacho pembeni. Binti huyo alipata medali ya dhahabu Athens mwaka 2004, na London mwaka 2012 akawa mwanamke wa kwanza kuogelea mita 100 za kipepeo chini ya sekunde 56. Sisemi kila mtoto aruhusiwe hivyo. Wenye ile hitilafu ya kalsiamu hasa huwekewa mipaka mikali zaidi, na uamuzi ni wa daktari wa moyo pamoja na wazazi. Nimeitaja kwa sababu ya yule mama na kile kifaa. Nadhani alichoka kukibeba siku nyingi.

AKIANGUKA MBELE YAKO

Waume zetu waliotazama mpira tarehe 12 Juni 2021 waliona jinsi Christian Eriksen wa Denmark alivyoanguka uwanjani Copenhagen bila kuguswa na mtu. Waliokuwa karibu hawakumfanyia mkutano. Walimkandamiza kifua, wakaleta kifaa cha kushtua moyo, na miezi minane baadaye alikuwa anacheza tena.

Aliyeanguka mlaze chali, mtikise bega, mwite. Tazama kifua kama kinapanda na kushuka. Akiwa anapumua vizuri, inua miguu yake juu kidogo, legeza nguo, ondoa watu, na asipozinduka upesi mgeuze alale ubavu. Usitie kijiko mdomoni, usimnyweshe maji, usimnusishe kiberiti. Akiwa hapumui, au anakoroma na kupiga pumzi za mbali mbali kama samaki aliyetolewa majini, usidanganyike kuwa anapumua. Moyo umesimama. Mtume mtu mmoja atafute gari, na wewe weka viganja katikati ya kifua, ukandamize kwa nguvu, kina cha sentimita 5 hadi 6 kwa mtu mzima na thuluthi moja ya unene wa kifua kwa mtoto, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Anayejua kupuliza pumzi mdomoni na ampulizie mtoto mara mbili kila baada ya kukandamiza mara 30. Asiyejua akandamize tu bila kukoma. Mkichoka, pokezaneni. Endeleeni hata ndani ya gari kama hakuna njia nyingine.

Umoja wa akina mama wa usharika wetu tuliomba muuguzi wa wilaya atufundishe jambo hili Jumamosi moja, tukatumia mito ya makochi kujifunzia. Ilichukua saa mbili na chai juu yake. Usharika unaotaka kufanya hivyo umwone mganga mfawidhi wa kituo cha afya kilicho karibu.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, nitajibu barua nne zilizofika kuhusu watoto wakubwa wanaokojoa kitandani.